Jodari wanagawanywa kwa kilo: nani ameandika kilo zetu?

#1 KaraniWaDiko

Salaam wakuu. Humu ndani kuna nyuzi nyingi za uchumi wa buluu, meli za nje na leseni. Leo naomba tuongee jambo moja ambalo naona linatupita: kiasi. Kilo ngapi zitoke baharini kwa mwaka, nani anapanga, na anapanga kwa kutazama nini.

Nimeshika daftari la takwimu miaka sita kwenye diko moja kaskazini mwa Unguja. Alfajiri boti zinarudi, unasimama na mizani ya kuning'iniza, unauliza kimevuliwa nini, kwa zana gani, wametoka saa ngapi, kilo ngapi. Zikifika boti kumi kwa pamoja huwezi kuzipima zote, unachagua tatu au nne. Samaki hawakungoji. Wachuuzi wameshaingia majini mpaka kiunoni, dalali anaita bei, na jodari kakatwa kichwa na kutolewa matumbo humohumo botini ili barafu itoshe. Unachopima ni kiwiliwili. Na daftari lina safu ya mwisho imeandikwa "mchanganyiko". Siku za masika karatasi zimelowa, kalamu haishiki, kila kitu kinaishia safu hiyo. Nimefanya hivyo mara nyingi sana, na leo nikikumbuka naumia, kwa sababu nimekuja kujua kule juu daftari lile linafanya kazi gani.

Jodari wa bahari yetu wanasimamiwa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, makao yake Victoria, Shelisheli. Kenya iliingia 2004, Tanzania 2007. Nchi zinakaa pamoja kwa sababu samaki huyu hana kwao: aliyeko kwetu leo, baadaye yuko Somalia au Msumbiji.

Mwaka 2015 wataalamu wake walisema wazi kwamba jodari wa mapezi ya njano wamevuliwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata ukapitishwa mpango wa kupunguza, kipimo kikiwa mavuno ya 2014: meli za nyavu za kuzungushia zipunguze asilimia 15, jarife asilimia 10, mishipi mirefu asilimia 10, zana nyingine asilimia 5. Lakini makato hayo yaliwahusu wale tu ambao mavuno yao yalizidi kiwango fulani, kwa mfano tani 5,000 kwa nyavu za kuzungushia. Waliokuwa chini ya kiwango waliendelea kupanda, na jumla ya bahari nzima haikushuka kama ilivyokusudiwa.

Kwa jodari mdogo mwenye mistari tumboni, yule wa kwenye makopo, walifanya vizuri zaidi kwenye karatasi. Maldives walileta kanuni, ikapitishwa 2016. Ni hivi: wataalamu wanakadiria samaki waliopo sasa ni sehemu gani ya wale ambao wangekuwepo kama tusingevua kabisa. Wakiwa asilimia 40 au zaidi, mnavua kwa kasi iliyokubaliwa. Wakishuka chini ya 40, kasi inashuka nao. Wakifika asilimia 10, uvuvi wa biashara unasimama, unabaki wa kitoweo tu. Kanuni inakubaliwa mapema, wakati hakuna anayejua mwaka ujao itamkata nani. Mimi naipenda sana kwa hilo. Hesabu ya kwanza ilitoa tani 470,029 kwa mwaka, kuanzia 2018 hadi 2020.

Mwaka huohuo wa kwanza, 2018, zilivuliwa zaidi ya tani 600,000.

Kikomo kilikuwa kimoja kwa bahari yote, na hakuna nchi iliyokuwa imeambiwa fungu lake ni lipi. Kila mmoja alichota akijua asipochota yeye atachota mwenzake.

Sasa njooni kwenye daftari langu. Mazungumzo ya kugawana mafungu yalianza 2011, na hoja kubwa ni historia: nani alivua kiasi gani miaka iliyopita. Nchi za meli kubwa zina historia iliyoandikwa safari kwa safari. Sisi tuna "mchanganyiko". Na kuna ugomvi mwingine ndani yake: meli ya nje ikivua ndani ya maili 200 zetu, kilo zile ni historia ya bendera ya meli au ya mwenye maji? Nchi za pwani zinasema ya mwenye maji. Nami nasema hivyo. Ila hoja hiyo ina nguvu pale unapoweza kuonyesha ulikuwa unahesabu.

Karibuni tujadili.

#2 nahodha_wa_kusi

Mkuu, umeandika vizuri ila hapa tutagombana kidogo. Mimi natoka na boti ya futi 28, watu sita, jarife na mishipi. Wiki nzima ya kusi nakaa nchi kavu. Nikipata jodari kumi usiku mmoja namshukuru Mungu. Meli moja ya kuzungushia inatoa makumi ya tani kwa mzungusho mmoja. Halafu mimi ndiye wa kuwekewa kikomo? Hao waliomaliza ndio wapunguze.

Na swali la pili, nijibu kwa ukweli: huyo anayesema samaki wamebaki asilimia 40 amewahesabu wapi? Mimi nina miaka 22 baharini, sijui kesho nitapata nini.

#3 mvumo_bahari

Namuunga mkono nahodha. Mnakumbuka samaki wa Magufuli, 2009? Meli ilikamatwa ikiwa na karibu tani 300 za samaki wetu. Hiyo ni iliyokamatwa. Huko nyuma zilipita ngapi?

#4 Mchokoaji

Asalaam aleykum. Mie ni mwanamke wa Pemba, nachokoa pweza tangu niko msichana, mama yangu alinifunza. Ya jodari siyajui lakini kikomo nakijua, kwa sababu kwetu tumejiwekea wenyewe.

Kaka nahodha, sikiliza. Zamani bamvua likifika tulikuwa tunashuka mwambani wote, na vijana wa kuzamia nao huko kwenye kina. Tunatoa mpaka vipweza vya kujaa kiganja. Mwisho ukawa unashinda juani kutwa, unarudi na viwili. Kamati ya shehia ikaita mkutano, tukazozana sana, wengine wakatukana, mwishowe tukakubali kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu. Sehemu tu, kwingine tukaendelea.

Pweza wa mwambani haishi sana, mwaka na kidogo. Anakua upesi mno. Jike anataga mara moja tu maishani, anakaa shimoni na mayai yake hali kitu, yakishaanguliwa anakufa. Ukimwacha miezi mitatu unamkuta mwingine kabisa.

Siku ya kufungua nilishuka na chuma changu maji yakiwa bado yanatoka. Shimo la pweza unalijua kwa maganda: kombe na magamba ya kaa amevirundika mlangoni, yakiwa meupe na mapya ujue mwenyewe yumo. Nikatia chuma taratibu, akashika, nikamvuta akakataa, nikamwachia, akashika tena. Yule peke yake kwenye mizani alikuwa kilo mbili na nusu. Nilipata wanne kabla maji hayajageuka.

Sasa lililotuumiza. Siku ile pweza walikuwa wengi, na tajiri mmoja aliyekuja kununua akashusha bei kwa sababu alijua hatuna barafu, tutaoza nao. Tulizidi kilo, pesa haikuzidi kama tulivyotaraji. Safari ya pili tukaita wanunuzi watatu mapema na tukafungua kwa zamu. Na usiku wa mwisho kabla ya kufungua lazima watu wakeshe ufukweni, wezi wanakuja na tochi kutoka upande wa pili.

#5 KaraniWaDiko

Dada Mchokoaji, shukrani sana. Hilo la bei halisemwi na wengi, na ni kweli tupu. Mkifunga bila kupanga soko, faida ya subira yenu inakwenda kwa mwenye barafu.

Niongeze kidogo kwa wasiojua. Njia hii ilipata sifa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walipofunga mwamba mmoja kuanzia Novemba 2004. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipitia mara 36 ambazo vijiji vya huko vilifunga na kufungua. Mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliotolewa kwenye miamba ile waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na kilo za mvuvi mmoja kwa siku zilikaribia maradufu. Bara kwetu kuna kanuni ya kutouza pweza chini ya gramu 500. Ukienda gengeni unajionea inavyofuatwa.

Nahodha, nakuja kwako, na sitakukwepa.

La kwanza, ukubwa wa meli. Una haki ya kukasirika. Lakini karibu nusu ya samaki wa jamii ya jodari wanaotoka Bahari ya Hindi wanavuliwa na vyombo vidogo vya nchi za pwani: jarife za Iran na Pakistani, boti za Sri Lanka, za Indonesia, za Yemen, na sisi. Boti yako moja ni ndogo. Boti kama yako ziko maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo tukisema mdogo asiguswe kabisa, nusu ya bahari haina kikomo. Ninachodai ni kwamba mdogo akatwe mwisho, na akatwe kidogo, na kwanza ajulikane yupo.

La pili, nani kawahesabu. Hakuna anayehesabu samaki mmoja mmoja. Wanatazama mambo matatu: kilo zilizotolewa, juhudi iliyotumika kuzitoa, na urefu wa samaki waliotoka. Wakubwa wakizidi kupungua kwenye mizani ilhali juhudi ni ileile, kuna jambo. Kuna pia jodari walionaswa, wakatiwa alama na kuachiwa, na alama zinazorudi zinasaidia kukisia waliobaki na kasi wanayokua. Ni makisio, yana makosa. Na kosa la makisio linaweza kuua pwani nzima. Ngoja niwape ya Newfoundland.

#6 KaraniWaDiko

Newfoundland, mashariki mwa Kanada, watu waliishi kwa samaki aitwaye kodi kwa karne nyingi. Mwaka 1968 meli za mataifa mengi zilitoa zaidi ya tani 800,000 za kodi wa kaskazini, mavuno ambayo hayajawahi kurudi. Mwaka 1977 Kanada ikatangaza maili 200 kuwa maji yake, meli za nje zikasukumwa nje, watu wakafurahi kwamba sasa samaki ni wao. Wakaweka kikomo cha kila mwaka, chenye wanasayansi na hesabu. Mwaka 1988 kikomo kilikuwa tani 266,000.

Kilikuwa kikubwa mno. Hesabu iliegemea sana kwenye mavuno ya meli kubwa za kukokota, na meli zile zilikuwa zinajaa kila safari. Samaki walipopungua walijikusanya kwenye maeneo machache, na meli zenye vyombo vya kuwaona zikawafuata hukohuko. Meli ilijaa, hesabu ikasema samaki wapo. Wavuvi wadogo wa pwani, wenye mitego isiyohama, ndio waliokuwa wakilalamika kwamba samaki hawaji tena na wanaokuja ni wadogo. Hawakusikilizwa kwa wakati.

Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi, John Crosbie, akatangaza kufunga. Watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi. Ilisemwa ni miaka miwili. Uvuvi wa biashara wa kodi wale ulifunguliwa tena rasmi Juni 2024, kwa tani 18,000. Piga hesabu: miaka 32.

Nahodha, wewe na miaka yako 22 ndiwe yule mvuvi wa pwani. Ukiacha kuandikwa, mwanasayansi anabaki na daftari la meli peke yake.

#7 Mutrah_Mswahili

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Maskati. Nichangie la huku. Nguru wetu huku wanamwita kanadi, na kila mwaka kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba ni marufuku kumvua na kumuuza, ni msimu wake wa kuzaa. Sokoni ukionekana naye mbichi siku hizo una kesi. Watu wamezoea, wanakula samaki wengine, wanahesabu siku.

Lakini niseme na la upande wa pili, maana tusifiche. Kwenye jodari wa mapezi ya njano, kikomo cha 2021 Oman ilikiwekea pingamizi, pamoja na India, Indonesia, Iran na wengine. Sheria ya kamisheni inaruhusu: nchi ikipinga ndani ya siku 120, haifungwi na azimio. Kwa hiyo nchi hiyohiyo inayofunga nguru kwa ukali nyumbani inaweza kukataa kikomo cha jodari huko mezani. Niliuliza wazee wanaovua, wakasema mpango ule unatupima kwa miaka ambayo hatukuwa na boti nyingi. Ni hoja ileile ya Karani.

#8 mvumo_bahari

Hapo sasa nimeelewa kitu. Ina maana mwenye kupinga anaendelea kuvua na aliyekubali anakatwa? Huo ndio mkataba gani?

#9 KaraniWaDiko

Ndio ulivyo, mvumo. Na wakipinga zaidi ya theluthi moja ya wanachama, hata waliokubali hawafungwi tena. Mombasa mnakumbuka Februari 2023? Kikao maalumu kilikaa pale kuhusu maboya ya kuelea. Meli kubwa zinaacha maboya yenye chombo cha satelaiti, samaki wanajikusanya chini yake, meli inakuja kuzungusha. Wakitafuta jodari wa makopo wanazoa pamoja nao watoto wa jodari wa mapezi ya njano, wa sentimita 50 hivi, na huyu anahitaji kufika karibu mita moja ndipo aanze kuzaa. Kikapitishwa kifungo cha siku 72 kila mwaka kutotumia maboya hayo. Umoja wa Ulaya na wengine wakapinga, azimio likafa kabla ya kuanza.

Siyasemi haya tukate tamaa. Kwingine kikomo kinasimama. Peru wana samaki mdogo, ndugu wa dagaa wetu, anayesagwa kuwa chakula cha mifugo na samaki wa kufuga. Mwaka 1970 walitoa zaidi ya tani milioni 12, miaka miwili baadaye akaporomoka. Siku hizi kabla ya kila msimu meli ya utafiti inapita kwanza kupima, ndipo kiasi kinatangazwa, na tangu 2009 kila chombo kikubwa kina fungu lake, hakuna kukimbizana. Mwaka 2023 walipoona waliopo wengi ni watoto, msimu wa kwanza wa kaskazini na kati ulifutwa wote. Viwanda vililala. Ni uamuzi mgumu kwa nchi inayotegemea samaki huyo kwa fedha za kigeni, na waliufanya.

#10 nahodha_wa_kusi

Karani, ile ya Newfoundland nimeisoma mara mbili. Mitego isiyohama... kwetu wanaolia mapema ni watu wa dema. Mzee mmoja hapa dikoni anasema changu wa siku hizi wanapita kwenye tundu za dema walizokuwa hawapiti. Tulikuwa tunaona ni maneno ya uzee.

Kwa hiyo tuseme nakubali kuandikwa. Najua kinachofuata: nikitaja kilo zangu, kesho nakuja kudaiwa kodi na ushuru kwa kilo hizohizo. Ndio maana manahodha wanataja nusu. Usijifanye hujui, ulikuwa unatuona.

#11 KaraniWaDiko

Nilikuwa nawaona. Nahodha akisema "kama ishirini hivi" naona kabisa boti imelala upande. Na nilikuwa naandika ishirini, kwa sababu mkaguzi wa ushuru alikuwa anasimama hatua tatu kutoka kwangu, saa ileile. Hilo ni kosa la mpangilio, tena kubwa kuliko mvua na karatasi. Anayehesabu samaki kwa ajili ya samaki asisimame na anayekusanya pesa. Nimelisema hilo kwenye mikutano miwili nikiwa kazini, likaandikwa kwenye kumbukumbu, likabaki humo.

Mpaka libadilike, kuna wanachoweza kufanya wavuvi wenyewe kupitia BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe wao, au kamati ya shehia. Wekeni daftari lenu, la kwenu, lisilo na majina ya watu wala namba za boti. Tarehe, zana, saa mlizokaa baharini, aina ya samaki, kilo, na urefu wa samaki watano wa kwanza mnaoshusha, bila kuwachagua. Jodari mpime kuanzia ncha ya mdomo mpaka pale mkia unapogawanyika, msipime mpaka ncha za mkia kwa sababu zinavunjika. Akishakatwa kichwa andikeni "bila kichwa", msikisie. Na siku mliyotoka mkarudi mikono mitupu iandikwe pia, maana safari tupu nayo ni hesabu. Daftari langu halikuwa na nafasi ya sifuri hata moja.

#12 Mchokoaji

Kaka Karani, sie tunaandika pweza kwa idadi na kilo lakini saa hatuandiki. Bamvua hili tutaanza. Kusoma saa mwambani ni shida, tutahesabu tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, inatosha?

#13 KaraniWaDiko

Inatosha kabisa, dada. Muhimu mtumie kipimo kilekile kila bamvua.

#14 nahodha_wa_kusi

Kamba ya kupimia nimefunga fundo kila sentimita kumi, ipo chini ya ubao wa tezi. Jana jodari saba, watano nimewapima: 62, 58, 61, 104, 57. Karani, huyo wa 104 ndiye peke yake aliyefika kuzaa?

#15 KaraniWaDiko

Kwa urefu huo, ndiyo. Wale wanne walikuwa bado. Uliwapata kwa jarife au mshipi? Andika na hilo.